Talaka ya Kwenye Sinema

Niseme mapema nisije nikamzungusha mtu: niliachwa na mume wangu mbele ya kamera, nikiwa nachambua mchele, na baada ya hapo tukakaa miezi minane kama mke na mume bila kujua kama tumeachana. Hapa Mohoro wapo watakaokuapia kwamba sikuachwa, wapo watakaokuapia kwamba niliachwa tena vizuri sana, na wote ni majirani zangu, tunazikana.

Mie ni mwalimu wa shule ya msingi, darasa la tatu, watoto wengi kuliko madawati, kwa hiyo sauti ninayo na mdomo ninao. Mume wangu analima mpunga bondeni, na maneno yake kwa siku ni machache: ndiyo, hapana, chumvi iko wapi. Watu walizoea kututania kwamba nyumba yetu ina redio moja na msikilizaji mmoja. Sikuwahi kuona ubaya wa utani huo. Nilikuwa wa kwanza kuucheka.

Aliyetuletea mambo haya ni binti wa mdogo wangu. Alisomea filamu Dar es Salaam, akarudi kwao Kibiti na kamera ya kuazima na wazo kichwani. Alikuja kunieleza wazo lenyewe tukiwa tumekaa uani. Mume na mke, siku moja ya mvua, wanazungumza. Watoto wao wamewataka wahamie mjini kwa sababu ya mafuriko. Mume anataka kwenda, mke hataki. Basi, wanazungumza tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Halafu?" nikamuuliza.

"Halafu ndiyo hivyo, mama mkubwa."

"Hafi mtu?"

"Hafi mtu."

"Hakuna mchawi, hakuna hawara, hakuna hata wa kuzabwa kibao?"

"Hakuna."

"Sasa hiyo ni sinema au ni nyumbani kwangu?"

Yule mtoto akaruka kwenye kigoda. "Nyumbani kwako ndipo nataka kupigia picha!" Ndivyo nilivyojitakia mwenyewe.

Waigizaji alikuwa kawapata, bwana mmoja na bibi mmoja wa Dar. Siku mbili kabla ya kuanza wakasikia mvua imeharibu barabara, wakapiga simu kwamba hawaji. Binti akalia mpaka macho yakavimba, maana kamera ilikuwa na siku zake za kurudishwa. Nikamwambia nyamaza, mke nitakuwa mie. Wallahi nilikubali haraka kuliko inavyompasa mtu mwenye heshima zake. Kazi ilikuwa kwa mume wangu. Alimtazama mtoto, akatazama zile karatasi za maneno, akauliza, "Yote haya niseme mie?" Kisha akazichukua. Hajawahi kumnyima kitu yule binti.

Mie yangu niliyashika kwa jioni moja. Yeye alikwenda nayo kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miguu ya miti tunacholindia mpunga usiliwe na ndege na nguruwe, akawa anayasoma huko kwa sauti. Jirani wa shamba la pili akaja kuniuliza kama mzee ana homa.

Tulipiga siku tatu. Mvua ilikuwa ya kweli, sufuria za kweli, mchele wa kweli, na ule mchele niliuchambua mara tatu mpaka nikawaambia hata jiwe la kutafuta halimo tena. Siku ya mwisho ilibaki sehemu ambayo mume anashindwa ubishi, anatamka talaka, anatoka nje kwenye mvua. Mara ya kwanza alitamka kama anasoma tangazo la mkutano wa kijiji. Mara ya pili hivyo hivyo. Binti akachukua zile karatasi mkononi mwake, akamwambia, "Baba mkubwa, achana nazo hizi. Sema tu."

Akatazama mvua nje. Kisha akaniita Mama Fulani, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, kama anavyoniita siku zote. Kwenye karatasi mke alikuwa na jina la kubuni, yeye hakulitaja. Akasema, "Unasema tangu asubuhi. Mie nataka nini, unajua? Hujui. Hujaniuliza. Na ukiniuliza, unajibu mwenyewe. Nimechoka kukaa nyumba ambayo majibu yote unayo wewe. Basi, Mama Fulani, nimekuacha talaka moja. Nenda utakako."

Mikono yangu ilisimama juu ya ungo. Nilitakiwa nipige ukelele, nikausahau. Nilimtazama tu mpaka akatoka nje, na mvua ikamlowesha kweli. Binti alikuwa anafuta machozi nyuma ya kamera. "Hiyo ndiyo yenyewe," akasema. Nikamwambia, lakini kakosea jina. Akajibu haidhuru, imetoka vizuri mno. Tukaupika ule mchele, tukala wote, na mume wangu akauliza chumvi iko wapi. Kuna mtu hapo angefikiria kwamba mambo yameharibika?

Baada ya miezi mingi ya kukatakata na kuunga, binti aliionyesha kwanza Kibiti, kwenye banda la mpira, mchana. Tulikwenda, mie nimevaa dera jipya. Vijana wa bodaboda waliingia wakitegemea mambo ya bunduki. Dakika kumi hazijapita nikaanza kusikia nyuma: "Vita inaanza saa ngapi?" "Steringi yupi hapa?" Mmoja akadai aletwe dijei wa kutafsiri. Mwenzake akamwambia, wanasema Kiswahili hawa, atafsiri nini? Akajibu, "Atafsiri kwa nini hawanyamazi!" Nilicheka ingawa waliyekuwa wanamsema ni mie. Nusu ya watu waliondoka, mzee mmoja alikoroma. Lakini mama ntilie mmoja aliyeingia kuchungulia tu na sahani ya mtu mkononi, alisimama mlangoni mpaka mwisho, anatikisa kichwa, "Kweli kabisa, kweli kabisa," na mwenye chakula chake anamngoja huko nje. Walipotoka wakawa wanabishana. Wengine, upuuzi mtupu, nani anatoka kwake kwenda kutazama watu wanagombana wakati kwake wapo? Wengine, ndiyo utamu wenyewe. Binti alinyong'onyea. Nikamwambia asihuzunike, Mohoro watu wetu, watatupokea.

Walitupokea. Idd pili, baada ya sala ya adhuhuri, banda la video la Mohoro lilijaa mpaka wakakaa chini. Madirisha yalizibwa magunia. Wanawake na watoto mbele kwenye mikeka, wazee kwenye mabenchi, vijana wamesimama nyuma. Tofauti na Kibiti ni kwamba hapa kila mtu anaijua nyumba yetu. Ua ulipotokea tu wakapiga makofi. Bibi mmoja akasema kwa sauti, "Sufuria hiyo si yangu?" Kumbe nilikuwa sijairudisha. Mtoto akipita kwenye picha wanamtaja, kuku akipita wanamtaja.

Na walikuwa wanajibu! Nikisema kitu kwenye picha, nusu ya wanawake wananiunga mkono, nusu wananizomea. "Aende wapi aache shamba lake?" "Mbishi tu huyu, maji yakimfika shingoni atahama." Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa mstari wa mbele, na kila kaka yake akipata la kusema anageuka nyuma kututazama, mnasikia? Vijana waliogunaguna mwanzoni wakanyamaza, kisha nao wakagawanyika. Nilijaa furaha mie. Nikamfinya binti, nikamwambia unaona sasa.

Ikafika ile sehemu. Akasema maneno yake, akatamka talaka. Banda likawa kimya, jenereta tu linanguruma nje. Mzee mmoja kwenye benchi la kwanza akamgeukia mwenzake, na kwa kuwa sikio lake moja halisikii vizuri, aliuliza kwa sauti ya adhana.

"Huyo si mkewe?"

"Ndiye."

"Kamtaja?"

"Kamtaja."

"Basi kamwacha!"

Mtumee! Banda lilipasuka. Mmoja anasema talaka haina mchezo, ukiitamka imetoka, hata kama ulikuwa unacheka. Mwingine anasema mbona kwenye sinema watu wanauawa na hawafi? Wanampinga, kufa na talaka ni sawa? Kufa hakuhitaji kutamkwa. Mwingine anauliza walipiga lini, wa jirani anahesabu kwa vidole, lilikuwa masika, sasa tupo wapi, miezi minane, na wanalala nyumba moja! Hapo wanawake wakajifunika midomo kwa kanga. Kwenye ukuta sinema ilikuwa inaendelea, zimebaki dakika kama kumi, hakuna aliyeitazama. Binti alisimama katikati akisema, "Jamani mwisho, tazameni mwisho," hakuna aliyemsikia. Baadaye aliniambia kwa uchungu, "Mama mkubwa, Kibiti wamesinzia, Mohoro wamefungua mahakama."

Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Nilitaka asimame aseme neno moja tu, nilikuwa naigiza. Alikuwa amekaa pembeni na kofia yake mapajani, ameinamisha kichwa. Nikapiga kelele mbele za watu, "Si useme basi!" Hakusema.

Tulipofika nyumbani wifi yangu alikuwa kishatangulia, kakaa barazani na mkoba wake. "Wifi, mie sikuchukii," akaniambia, na najua alisema kweli, maana alikuwa analia. "Lakini dhambi ni dhambi. Kaka yangu hawezi kulala hapa mpaka lijulikane." Nilitaka kumjibu jibu la kumkaa mwaka mzima. Nikamgeukia mume wangu nimsikie yeye. Akaingia ndani, akatoka na shuka na taa, akasema, "Nitakuwa dunguni." Akaenda zake. Sikuamini. Nilisimama pale uani, na kwa mara ya kwanza nikaogopa. Kama ulikuwa mchezo, mtu angekataa, angecheka, angekasirika hata. Kumbe alikusudia?

Siku zilizofuata sizitamani tena. Shuleni walimu wenzangu walininyamazia nikiingia ofisini. Bombani wanawake walipanga foleni mbili, sijui kama wenyewe walijua, waliosema imepita huku na waliosema haijapita kule, na mie na ndoo yangu sijui nisimame wapi. Kuna mama alinipa pole ya kuachwa, kabla sijamjibu mwingine akanipa hongera ya sinema. Mtu mmoja alinipelekea kwa mlango wa nyuma salamu za mgane wa Mahege, aliyefiwa na mkewe, anayetafuta mke. Huyo nilimtoa mbio. Chakula nilikuwa nakipika kama kawaida na mtoto wa jirani anampelekea mzee shambani, sahani zinarudi zimeoshwa. Neno halirudi.

Siku ya tano tukaenda kwa sheikh. Tulikwenda watu watano: mie, mume wangu, wifi, binti na kompyuta yake, na kaka yangu ambaye nilimwita kutoka Ngorongo, maana baba yetu ni marehemu na yeye ndiye walii wangu, mwenye kuniozesha. Sheikh ni mzee sana, ndiye aliyemfundisha mume wangu kusoma Kurani akiwa mdogo. Wifi alianza kueleza, sheikh akamkatiza. "Nimeshasikia kwa watu kumi, na kila mmoja ana yake. Nionyesheni."

Tukadhani anataka ile sehemu tu. Akakataa, akasema hukumu haitolewi kwa kipande. Akaitazama yote, tangu mvua ya kwanza, mikono mapajani, kama mtu anayesikiliza kesi. Kwenye mchele alitabasamu. Kwenye talaka hakubadilika uso. Ikaenda mpaka mwisho kabisa, akavua miwani akaifuta, akamwambia binti, "Mwisho wake mzuri, mwanangu." Binti akaangua kilio papo hapo. Katika Mohoro nzima, ukitutoa sisi tulioigiza, huyo alikuwa mtu wa kwanza kuuona.

Kisha akataka karatasi za maneno. Binti akamsomea. Jina la kubuni lilikuwemo, talaka moja ilikuwemo. Yale maneno ya kabla yake hayakuwemo hata moja.

Sheikh akasema, "Mie kila mwaka nafundisha mlango wa talaka. Natamka nimekuacha, nimekuacha, mpaka koo linakauka, na mke wangu yuko jikoni anapika. Anayesoma maneno ya mwingine hajaacha mtu. Lingekuwa hilo tu ningewafukuza mwende mkale." Akamgeukia mume wangu. "Lakini jina ulilotaja ni la mkeo. Na yale maneno mengine hayapo hapa. Yalitoka wapi?"

Mume wangu akanyamaza. Akawa anaizungusha kofia yake mikononi. Nikaona anateseka, nikafungua mdomo nimsaidie: "Sheikh, yeye alikuwa..."

Sheikh akanyoosha mkono. "Nimemuuliza yeye."

Naona haya hadi leo.

"Yalitoka kwangu," mume wangu akasema.

"Na talaka?"

"Talaka ilikuwa ya karatasi, sheikh. Sikutaka kumwacha. Lakini yale ya kwanza yalikuwa yangu, na yalipoanza kutoka sikujua tena karatasi inaanzia wapi. Siwezi kukudanganya."

Mtu mwingine angedanganya. Neno moja la uongo, kila mtu angerudi kwake, nami ningekuwa nimemwandalia chai. Nilimkasirikia kwa ukweli wake, nikamheshimu kwa huo huo ukweli, vyote kwa pamoja.

Sheikh alikaa akivuta ndevu. Akasema yeye hawezi kutamka kwamba imepita, na hawezi kulala usingizi akitamka kwamba haikupita. Dawa ya shaka ni kuiondoa. Kama tungekuwa bado ndani ya eda, mume wangu angetamka tu kunirejea na yangeishia hapo. Hapo akaniuliza swali ambalo wanawake wa umri wangu tumezoea kuulizwa na daktari, nikamjibu huku natazama mkeka. "Basi eda yako ingekuwa miezi mitatu," akasema, "na imepita minane. Kurejea hakupo. Iliyobaki ni ndoa mpya. Na ndoa mpya, mwanangu, mwenye neno ni wewe. Hulazimiki."

"Hulazimiki vipi?" wifi akadakia. "Ataridhia!"

"Hukuulizwa," sheikh akamwambia. "Afikiri. Ijumaa baada ya alasiri nitakuja kwake kusikiliza."

Tukatoka. Mume wangu akashika njia ya shamba, mie njia ya nyumbani. Kwa siku mbili nilikuwa mwanamke huru wa miaka hamsini, mwenye mshahara wangu na nyumba yangu, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuniambia lolote. Mnaweza kudhani ni jambo dogo. Nilikaa nalo kama mgeni asiyesema anaondoka lini.

Nilikuwa na hasira naye, nisifiche. Miaka thelathini na moja! Kama nilikuwa nimemchosha, si angesema? Mbona amngoje mtoto wa watu na kamera? Nilizunguka na maneno hayo jikoni peke yangu, na hakukuwa na wa kunisikiliza. Ijumaa asubuhi nikamwomba binti aniwekee ile sinema tena. Ukiacha kwa sheikh, ambako niliutazama uso wake tu, nilikwisha kuitazama mara mbili, na mara zote mbili nilijitazama mie: nimekaaje, dera limenikaaje, nimesema vizuri vipi. Safari hii nikaamua kumtazama yeye peke yake.

Amekaa kwenye kiti chake cha kamba, mie nasema. Midomo yake inafunguka, anavuta pumzi, anataka kusema. Mie naendelea. Anafunga. Baada ya muda anafungua tena, mkono unanyanyuka kidogo kutoka kwenye goti, mie nishaingia neno jingine, mkono unashuka. Nikamuuliza binti, "Hapo ulimwambia afanye hivyo?" Akasema hapana, mama mkubwa, sikumwambia kitu. Nikahesabu mara saba, nikaacha kuhesabu. Yule hakuwa anaigiza. Ndivyo alivyokuwa kila siku, kwenye kiti kile kile, na mie nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake na sikuwahi kumwona. Nililia kama mtu aliyefiwa. Binti akataka kuizima, nikamwambia iache, na ndipo nami nikauona kweli mwisho wake.

Alasiri walikuja. Sheikh, kaka yangu, mashahidi wawili, wifi yangu, na watu wa pande zote mbili za bomba wamejaa mlangoni, maana Mohoro haiwezi kukosa jambo. Mume wangu aliketi barazani na kanzu yake ya Idd. Mie nilikuwa chumbani na wanawake, pazia katikati.

Mara ya kwanza nilipoolewa nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alikuja mlangoni akaniuliza, nikiwa nimefunikwa kanga tatu, na mie kwa haya na kwa hofu sikujibu kitu. Shangazi akasema, "Kanyamaza, karidhia," wakatoka wakaenda kufunga. Safari hii nilidhani itakuwa hivyo hivyo. Kaka yangu akauliza kutoka nje ya pazia, mahari msahafu, je, unaridhia nikuozeshe kwa huyu? Nami, mwenye mdomo wote huu, nikashika ncha ya kanga. Nikanyamaza. Wifi akanifinya. Wanawake wakaanza kunong'ona, na mmoja akajitia kuwa shangazi, akasema, "Si mnaona, kanyamaza..."

"Hapana," sheikh akasema kutoka barazani. "Mwari ukimya wake unatosha. Huyu mtu mzima, kishaolewa, ukimya wake haunitoshi. Aseme mwenyewe, mashahidi wasikie."

Nilijua kwamba upande wa pili wa lile pazia kuna mtu ambaye hajui nitasema nini. Kweli kabisa hajui. Na mie pia, mpaka nilipofungua mdomo, sikuwa na hakika.

"Naridhia," nikasema. Nilisema kwa sauti ya darasani, ikafika mpaka barabarani. Na sikuongeza neno.

Wakafunga, wakala halua, wakaondoka wakiendelea kubishana, waliosema niliachwa wakidai ndoa mpya ndiyo ushahidi wao, waliosema sikuachwa wakidai sheikh katunyamazisha tu. Binti akaondoka na mashine zake kwenda Kibiti. Jua lilikuwa halijatua. Mume wangu alivua kanzu, akaitundika, akaja kukaa uani kwenye kile kiti cha kamba, nami nikakaa kwenye kigoda. Hakuuliza chumvi.

"Ile ndoa ya kwanza sikusikia kitu," akasema. "Nilikaa na wanaume nje, wakaja wakaniambia kakubali. Nikawauliza, kasemaje? Wakanicheka." Akatazama mikono yake. "Miaka yote hii sikujua."

Nikafungua mdomo nimjibu. Nikaufunga. Alikuwa hajamaliza.